Mwalimu Aliyekataa Mshahara Pungufu

Hotuba iliyosemwa Tunda mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi



Mmetuita sisi makarani wa machimbo tuje kusema juu ya mwalimu. Bila shaka mlitazamia tumtaje mmoja wa hapa Tunda, na kweli wapo ambao tungewasifu mpaka jua lizame. Lakini hao wana watoto wao na wanafunzi wao wa kuwasifu. Leo twawaletea habari za mama mmoja wa nchi ya jirani. Ukifika kwa ndugu zetu wa Ituri, ukavuka Ziwa Albert, unatua Bunyoro, katika Uganda. Huko, karibu na Hoima, alizaliwa Sarah Nyendwoha tarehe 21 Machi 1926. Baadaye akaitwa Mama Ntiro kwa jina la mume wake. Alifariki tarehe 22 Oktoba 2018, mwenye umri wa miaka 92.

Kumbukeni hali ilivyokuwa siku alipozaliwa. Kwetu huku misioni ya Wamethodisti ilikuwa imefika Wembo Nyama tangu 1914, na vijana wa kiume walikuwa wanaanza kujua kalamu. Msichana je? Alifundishwa sindano, sabuni na sufuria. Hatuvidharau vitu hivyo, maana shati tulilovaa leo limeshonwa na mke wa mmoja wetu. Lakini kumpa mtu sindano na kumficha kitabu, hiyo ni hila.

Sarah alisoma kwao Bunyoro, kisha akapelekwa King's College Budo, shule kubwa iliyokuwa ya wavulana kabla ya kupokea wasichana. Mwaka 1945 Makerere ilifungua mlango kwa wanawake kwa mara ya kwanza. Waliingia sita tu, naye mmoja wao. Neno la Makerere siku zile, lile lililoandikwa kuwa shabaha ya chuo, lilikuwa: Tuwe wanaume. Walipoingia wale wasichana sita, wakubwa wa chuo waliona haya, wakatafuta neno jingine: Twajenga kwa ajili ya wakati ujao. Fikirini jambo hili, ndugu. Wasichana sita, wasiopiga kelele, wamekaa tu darasani, na chuo kizima kinabadili neno lake!

Lakini neno kubadilika si moyo kubadilika. Sarah alitaka kujifunza hesabu. Mwalimu wa hesabu hakutaka kufundisha darasa lenye mwanamke ndani yake. Basi akaacha hesabu, akashika historia, jiografia na Kiingereza. Sisi watu wa hesabu tunapolisikia jambo hili linatuuma kidogo. Nani ajuaye angefika wapi? Pamoja na hayo hakurudi nyumbani. Mwaka 1951 akaenda Uingereza, Oxford, katika chuo cha St Anne's, na mwaka 1954 akapata shahada ya historia. Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa amepata shahada ya chuo kikuu kabla yake.

Sasa twafika mahali ambapo sisi makarani hatuwezi kupapita haraka. Aliporudi Uganda aliwekwa kufundisha Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa 1905. Serikali ya ukoloni ikampangia mshahara. Akautazama, akaona ni pungufu ya ule wa mwanamume mwenye shahada kama yake na kazi kama yake. Kwa nini? Kwa sababu yeye ni mwanamke, basi. Hapakuwa na sababu nyingine.

Wengine wangelia. Wengine wangeacha kazi, na hapo wangalioumia ni wasichana wa Gayaza, wasio na kosa lolote. Yeye alitafuta njia ya tatu. Alisema hautaki mshahara ule, na kufundisha atafundisha bure. Akaingia darasani asubuhi kama kawaida, na mwisho wa mwezi hakupokea kitu. Haya, serikali ifanyeje? Mtu akigoma, unaweza kumfukuza. Mtu akifanya kazi vizuri bila malipo, utamshitaki kwa kosa gani? Habari ilipanda ngazi mpaka ikafika kwa Gavana mwenyewe, na mshahara wake ukasawazishwa na wa wanaume.

Baba zetu wanaifahamu sana dawa hii chungu, maana waliinywa. Zamani za Wabeljiki, katika ofisi moja, palikuwa na karani mweupe na karani mweusi. Daftari lile lile, wino ule ule, lakini mishahara ilipishana kama mto na kijito. Kila mkutano wa uhuru ulilisema jambo hilo, na watu walipiga makofi. Kazi sawa, malipo sawa! Walisema kweli.

Nasi je? Hapa tuna neno la kuungama mbele yenu, na ndiyo sababu tulimchagua mama huyu. Katika ofisi tunamofanya kazi (hatutaitaja, haifai) aliletwa mama mmoja kuandika hesabu ya magunia ya madini. Anaandika vizuri kuliko baadhi yetu. Hesabu zake hazirudishwi. Ilipofika siku ya kupanga mishahara tukaambiwa: mwekeni chini ya wengine, yeye ana mume wa kumlisha. Tukaandika. Hakuna Mbeljiki aliyetushika mkono. Ni sisi wenyewe, wajukuu wa wale waliopiga makofi. Tena mama yule ni mjane. Mume wa kumlisha hakuwapo, na tulijua hakuwapo.

Turudi kwa Mama Sarah. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda, akakaa mpaka 1961, katika siku ambazo wanawake Waafrika humo walikuwa wa kuhesabika. Aliungana na akina mama wenzake wa Uganda Council of Women. Mwaka huo huo wa 1958 aliolewa na Bwana Sam Ntiro, mchora picha mwenye sifa, mtu wa Machame kwa Wachaga wa Tanganyika, ambaye nchi yake ilipopata uhuru ilimtuma kuwa balozi wake London. Mama Sarah akamfuata, akawa mke wa balozi na mama wa watoto wawili wa kiume. Baadaye, nchi yake ilipoharibiwa na utawala wa Amin, alipata kukimbilia Kenya, na huko uhamishoni alishughulika na masomo ya wakimbizi. Ninyi mliokimbia vita katika Maniema hii mnajua thamani ya mtu wa namna hiyo, anayeuliza kwanza: watoto watasoma wapi?

Na Kongo yetu? Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi nzima. Msichana wa kwanza Mkongo kumaliza shule ya sekondari, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1961. Pigeni hesabu: ni miaka saba baada ya Sarah kushika shahada yake Oxford. Ndugu Sophie naye hakulala. Mwaka 1964 alipata shahada Geneva, na mwaka 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya Kongo. Tunawataja pamoja ili asiwepo mzee hapa wa kusema kwamba mambo haya ni ya Waganda tu.

Mama zetu walimu wa Tunda, mnaotembea kwa miguu asubuhi na kurudi jioni kutwanga mpunga na kupika sombe, hatuwaambii mfundishe bure. Mmekwisha kufundisha bure miezi mingi bila kuagizwa na mtu. Tulitaka mjue tu kwamba yuko aliyewatangulia katika njia hiyo, na kwamba yeye alilipwa.

Juu ya lile tuliloungama: tumeandika barua kwa mkuu wa ofisi, sisi makarani wote sita, tukatia sahihi. Tumeomba mama yule alingane nasi tangu mwezi huu, na tofauti ya miezi iliyopita itafutwe katika daftari, maana tunajua ukurasa ulipo. Jibu halijaja. Daftari la mishahara litafunguliwa tena tarehe 28. Nakala ya barua iko hapa mezani chini ya jiwe. Walimu wenye Kifaransa kizuri waisome, na wakiona kosa watusahihishie kabla hatujapeleka ya pili.