Kuufufua Mwasmini Mkongwe

Leo tumekusudia kusema habari za mwasmini, na hasa ule mkongwe usimamao nyuma ya nyumba, uliosahauliwa na wenyewe. Wakaao Mbweni, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, wanaujua. Ni kichaka kilichomshinda mtu kwa urefu. Chini kikavu kama kuni, juu kina majani machache, na maua yake hayatoshi kufunga kikuba kimoja. Viwanja vya Mbweni siku hizi vyajengwa upesi, na mtu akitaka kujenga ukuta hutoa amri: "Kichaka hiki kimekufa, king'oeni." Nasi twasema, ngojeni kwanza.

Mwasmini huu asili yake ni Asia ya Kusini, na umeenea pwani nyingi za Bahari ya Hindi na kupita. Watu wa Ufilipino waliufanya ua la taifa lao mwaka 1934. Lakini ule wa bustanini huzaa mbegu kwa nadra sana. Huenea kwa vipandikizi, mkono kwa mkono. Basi ule wa bibi yako ni kipande cha mti wa jirani yake, na wa jirani ni kipande cha mti wa mwingine aliyemtangulia. Ukiung'oa kabla hujatoa kipandikizi, umekata mnyororo, wala hakuna mbegu udongoni itakayouunga tena. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, tutajuaje kama ungali hai? Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona ubichi wa kijani chini yake, tawi hilo li hai. Ukiona rangi ya udongo na ukavu, limekufa. Jaribu matawi mengi, ukishuka mpaka karibu na shina. Mara nyingi juu pamekauka na chini mna uhai.

Sasa tueleze kwa nini kukata humponya mgonjwa huyu. Mwasmini hutoa maua katika vichipukizi vichanga. Tawi kuukuu lisilochipua halitoi ua, hata ulinyweshe maji usiku na mchana. Tena, ncha ya tawi hutengeneza dutu iitwayo oksini, ambayo huyafanya macho ya chini yalale. Mwaka 1933 wataalamu Kenneth Thimann na Folke Skoog walilijaribu jambo hili kwa mimea ya jamii ya maharage. Walipokata ncha, macho ya chini yaliamka. Walipoweka oksini juu ya kidonda, yaliendelea kulala. Basi mkataji huondoa amri ya ncha, na macho yaliyolala miaka mingi hupata ruhusa ya kuchipua. Nayo mizizi mikongwe ina akiba ya chakula cha kuyalisha.

Kazi yenyewe ina mpango wake. Kwanza, wakati wa mvua za vuli, chukua vipandikizi vya matawi machanga, urefu wa shibiri moja, uvipande kivulini katika udongo wenye unyevu. Fanya hivyo kabla ya kuugusa mti mkubwa, ili ukifa usife peke yake na ukoo wake.

Pili, ngoja mwisho wa kiangazi, Februari au mwanzo wa Machi, masika yakikaribia. Ukikata katikati ya kiangazi, jua litavichoma vichipukizi na maji yatakuwa haba. Tumia mkasi wa bustani au kisu kikali, na msumeno kwa shina nene. Chombo butu huponda gome, na kidonda kilichopondeka huoza.

Tatu, toa kwanza matawi yote yaliyokufa; haya hayana ngoja ngoja. Kisha toa yanayosuguana. Kisha uhesabu mashina makuukuu yaliyobaki. Kama mti una nguvu, waweza kuyakata yote yabaki shibiri moja au mbili juu ya ardhi. Kama ni dhaifu, kata theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwaka ujao, na iliyobaki mwaka wa tatu. Kwa maana majani ndiyo jiko la mti, na mgonjwa hanyang'anywi jiko lake lote kwa siku moja. Kila tawi likate mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje.

Nne, tazama juu. Ikiwa mwembe au mwarobaini umeufunika, punguza kivuli, kwani mwasmini hupenda jua. Udongo wa pwani ni mchanga, hauweki maji. Tia samadi iliyooza, ufunike kwa majani makavu, ila yasiguse shina. Vichipukizi vikifika urefu wa shibiri moja, vunja ncha zake, navyo vitagawanyika na kuongeza mahali pa kutoa maua.

Nanyi wanafunzi, wekeni daftari. Andikeni siku ya kukata, na kila juma hesabuni machipukizi katika shina lililokatwa na katika lile lililoachwa. Hesabu hiyo itawafundisha kuliko maneno yetu.

Mwenye nyumba asishtuke akiona visiki vitupu. Majirani watasema ameua mti wa wazee. Naye avumilie mpaka masika yashike. Matumba yakitokea, yachumwe jioni kabla hayajafunguka, kwa kuwa asmini hufunguka usiku na kutoa harufu yake. Siku ya arusi yakifungwa pamoja na rehani, bibi arusi atavaa kikuba kilichotoka katika mzizi uleule alioupanda bibi yake.