Chukua Kalamu, Tazama Ndege

Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Konde, Pemba



Leo nataka tuzungumze habari za ndege. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Huyu naye! Sisi tuna karafuu za kuchuma na mpunga wa kupalilia, yeye atuletea habari za ndege." Basi nipeni dakika chache, kisha mtahukumu wenyewe.

Nianze na kisa changu. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu aliugua. Usiku mmoja wa mbalamwezi bundi alilia juu ya mkarafuu nyuma ya nyumba. Wakubwa wakasema, "Huyo amekuja kumchukua bibi." Nikatumwa nimfukuze. Nilichukua manati, nikampiga jiwe, akaanguka. Alikuwa mdogo kuliko njiwa, ana macho ya manjano. Siku ya tatu bibi akafariki. Kila mtu akasema, "Mwaona? Bundi alisema kweli."

Niliamini hivyo miaka mingi. Kisha nikajifunza kusoma na kuandika. Nikachukua daftari, na kwa mwezi mzima nikaandika kila usiku mambo mawili. Kwanza, bundi kalia au hakulia. Pili, kijijini kafa mtu au hakufa. Katika usiku 30, bundi alilia usiku 23. Hakufa mtu hata mmoja.

Hapo nikafahamu. Bundi hulia karibu kila siku, maana anamwita mwenzake. Binaadamu hufa siku moja tu. Sisi twakumbuka usiku ule mmoja, zile nyingine zote twazisahau. Na masheikh wetu wametufundisha tangu zamani kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuamini nuksi za ndege, na bundi alitajwa. Mimi nilimuua ndege asiye na kosa, na bibi hakupona.

Je, bundi yule ni nani? Ni bundi mdogo wa Pemba. Chakula chake hasa ni wadudu. Hapatikani Unguja, hapatikani Tanga, wala nchi nyingine yoyote duniani. Yuko Pemba peke yake.

Wako wenzake watatu. Yuko ninga wa Pemba, njiwa mwenye mwili wa kijivu na mgongo wa kijani, apendaye matunda ya miti mikubwa. Yuko chozi wa Pemba, anyonyaye maua. Dume lake linameta kijani na zambarau kama hariri. Na yuko ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wataalamu wamewaandika wote wanne katika vitabu vyao: chozi mwaka 1905, yule wa manjano mwaka 1924, bundi mwaka 1937, na ninga mwaka 1940. Sisi twapita chini yao kila siku, hatuwajui.

Kwa nini wako kwetu tu? Kisiwa chetu kimetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Ndege hawa walikaa huku peke yao muda mrefu sana, mpaka wakawa mbali na ndugu zao wa bara. Basi fikirini. Kuku wetu wakifa, tutanunua wengine Unguja. Ninga wa Pemba akiisha, tutamnunua wapi?

Katika jiji la New York, Marekani, iko bustani kubwa iitwayo Central Park. Imezungukwa na majumba marefu. Watu wa mji ule huamka alfajiri, wakaenda bustanini na darubini na daftari, kutazama ndege tu. Wao wana bustani katikati ya saruji. Sisi tuna msitu wa Ngezi hapa mlangoni, na mikarafuu mpaka uani.

Kutazama ndege hakuna gharama. Toka mapema, kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Vaa nguo isiyong'aa. Kaa chini ya mti, utulie. Sikiliza kwanza, ndipo utazame. Kisha andika tarehe, mahali, jina la mti, na ndege alifanya nini. Kama humjui jina, andika rangi yake. Ukifanya hivyo mwaka mmoja, utajua kama ninga wanazidi au wanapungua shambani kwako. Hayo huwezi kuyajua kwa kukumbuka tu.

Hatari ziko, nasi twazijua. Watoto wetu hupiga ninga kwa manati. Wengine hutega kwa ulimbo. Miti mikubwa hukatwa kwa mkaa na kwa kuchoma chokaa, na bundi akikosa mti wenye shimo hana pa kutaga.

Msiseme hatuwezi. Angalieni popo wa Pemba. Popo si ndege, lakini habari yake yatufundisha. Naye pia hapatikani pengine duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki elfu chache tu, kwa sababu ya kuwindwa kwa nyama. Vijiji vikaamua kuwalinda. Baada ya mwaka 2000 walihesabiwa wakapata kiasi cha 20,000. Leo wageni huenda Kidike kuwatazama, wakalipa kiingilio.

Basi nawaombeni mambo matatu. Mnyang'anyeni mtoto manati, mpeni penseli. Mti wenye shimo uacheni. Na bundi akilia usiku wa leo, msiokote jiwe. Washeni taa, fungueni daftari, mwandike saa aliyolia.