Msaidizi Mpya wa Mwandishi wa Programu Apimwe kwa Saa na Daftari

(Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowahusu vijana wetu wa Mbeya na Iringa wanaojipatia riziki kwa kuandika programu za kompyuta. Siku hizi viko vihariri vyenye akili mnemba, kama vile Cursor, au vinavyotumia GitHub Copilot. Mwandishi anaeleza anachotaka, nacho kihariri kinamwandikia mistari ya programu. Vijana wanauliza: je, chombo hiki kinastahili kulipiwa kila mwezi?

Jibu langu ni kwamba wasikipime kwa hisia. Wakipime kwa saa na kwa daftari.

Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR la Marekani liliwapima waandishi wazoefu 16 katika kazi 246. Kila kazi iliamuliwa kwa kura kama ifanywe kwa msaada wa akili mnemba au bila msaada huo. Kabla ya kuanza, walitazamia kuokoa asilimia 24 ya muda. Walipomaliza, walisema wameokoa asilimia 20. Lakini saa ilionyesha kuwa walichelewa kwa asilimia 19! Ni kweli kwamba hao walizijua kazi zao barabara, na tangu hapo vyombo vimebadilika. Anayeanza huenda akapata tokeo jingine. Hata hivyo, tumeona jinsi hisia za mtaalamu zinavyoweza kumdanganya.

Kwa hiyo kijana achague kazi zinazolingana, arushe shilingi, nyingine azifanye kwa chombo na nyingine bila chombo. Saa isimamishwe pale kazi inapokuwa sahihi, si pale maandishi yanapojaa kwenye kioo cha kompyuta.

Kuhusu usahihi, chukueni mfano wa programu ya kumlipa mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi. Tuseme kihariri kimeandika uzito kwa namba nzima tu. Kilo 12.6 zinakuwa 12. Programu haitalalamika. Lakini akipima mara 26 kwa namna hiyo, mkulima amepoteza kilo 15.6 za jasho lake. Dawa ni kulinganisha na hesabu ya mkono daftarini kabla programu haijaanza kutumika.

Tena, vihariri hivi hupeleka maandishi kwenye kompyuta za mbali kwa njia ya intaneti. Mtandao ukikatika, msaidizi naye ananyamaza. Na kwa kuwa taarifa za wakulima zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna ofisi na vyama vya ushirika, nasi ndio tunaowapa vijana hawa kazi. Tusiwaulize tu, "Mtamaliza lini?" Tuwaulize pia, "Mmeijaribu vipi?" Hasara ikitokea, si sisi wala mashine tutakaoilipa, bali mkulima.