Konokono wa Mtoni na Kichocho



Konokono mdogo wa mtoni haumi. Lakini ndani yake hukua vijidudu vya kichocho, yaani bilhazia. Vinafikaje humo? Mgonjwa anakojoa au anajisaidia mtoni. Mayai ya vijidudu yaliyo katika mkojo au kinyesi chake yanaanguliwa majini, vijidudu vinamwingia konokono. Baada ya wiki chache vinatoka, vingi mno. Vinapenya ngozi ya mama anayefua, ya mtoto anayeogelea. Havihitaji kidonda. Ngozi nzima vinaipenya.

Basi tusikojoe mtoni. Tusijisaidie mtoni. Maji ya kuoga yachemsheni, au yawekeni siku mbili kwanza.

Mtoto akikojoa damu, huenda ni kichocho; msione aibu. Mpelekeni kituo cha afya leo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.