Bei Ikizidi Fedha Tulizo Nazo

Leo napenda kusema nanyi juu ya mapatano na mafundi. Tuseme wazazi wa kijiji wataka kujengewa darasa. Wana shilingi 800,000. Fundi ataka 950,000. Je, wafanyeje?

Wengi humbana fundi mpaka akubali 800,000 kwa kazi ile ile. Hilo ni kosa. Fundi aliyebanwa aweza kufidia hasara yake katika saruji. Zege yenye kipimo cha ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto huongezwa mchanga kwa siri, na msingi hupasuka. Rahisi huvunja upishi.

Afadhali mmwambie wazi fedha mlizo nazo, kisha mpunguze kazi, si uimara wake. Mchanga na mawe, wazazi waweza kuyachukua wenyewe. Rangi na dari zaweza kungoja mavuno. Andikeni mapatano, mlipe kwa hatua, na sehemu ya mwisho mmpe baada ya mvua kulijaribu paa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na watakaoketi chini ya paa hilo ni watoto wetu.