Kazi ya Sindano na Mizani Yake

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya kikundi cha akina mama wanaodarizi, Mwitongo, Butiama, siku ya kufunga mafunzo)



Kabla ya kikao nimepita nikatazama kazi mlizozianika kwenye kamba: vitambaa vya mezani, vya makochi, foronya na mashuka. Nimegeuza na upande wa nyuma, maana uaminifu wa mshonaji huonekana nyuma ya kitambaa, kwenye mafundo. Mafundo yenu ni machache na nyuzi zimekatwa vizuri. Hongereni.

Hata hivyo, sikuja kusifu tu. Asubuhi, katika majadiliano, mama mmoja ambaye nyote mnakiri kuwa ndiye fundi wenu mkubwa aliulizwa kwa nini hakuwaonyesha wenzake ule mshono wake wa maua. Naye akauliza: "Nikiwafundisha wote, mimi nitamuuzia nani?" Wengi mlicheka. Mimi sikucheka. Katika kazi yangu nimeona vikundi vingi vya mikono vikifa, na aghalabu havikufa kwa kukosa nyuzi wala cherehani. Vilikufa kwa sababu swali hilo halikujibiwa. Fundi alikaa na ufundi wake, wanafunzi wakachoka, na mafunzo yakawa mahali pa kunywa chai.

Mama huyo si mchoyo. Ameona tu kwamba akitoa ujuzi wake hapati kitu, na soko lake linagawanyika. Kwa hiyo tusimhubirie umoja. Tufanye hesabu.

Wengi wenu mmelima pamba, au wazazi wenu wameilima. Mkulima wa pamba hufikisha mzigo wake kwenye chama, ukapimwa, naye akajua ana kilo ngapi na anadai kiasi gani. Akidhulumiwa, huanza kulalamika kwenye mizani. Je, kazi ya sindano ina mizani gani? Nimewauliza akina mama watano leo kitambaa kimoja kimewachukua siku ngapi. Hakuna aliyejua kwa hakika.

Tuchukue mfano. Tuseme kitambaa cha mezani kimetumia nguo ya shilingi 12,000 na nyuzi za shilingi 10,000. Hizo ni 22,000. Mama amekidarizi kwa siku 13, akakiuza 35,000, akarudi nyumbani akisema amepata faida. Lakini kilichobaki ni 13,000, yaani shilingi 1,000 kwa siku moja ya kazi. Ni mama gani hapa atakayekubali kwenda kupalilia shamba la mtu kutwa nzima kwa shilingi 1,000? Hakuna. Mbona basi mnajikubalia wenyewe malipo ambayo mngeyakataa kwa mwingine?

Hivyo basi, la kwanza ninalowaomba ni daftari. Kila kazi iandikwe siku ilipoanza, nguo na nyuzi zilizotumika, na siku zilizofanyiwa kazi, hata kama ni nusu siku baada ya kutoka shambani. Daftari ndilo mizani ya sindano. Mkikubaliana kwamba siku moja ni shilingi 4,000, kitambaa kile kitafika 74,000. Mtaniambia kwamba mgeni hatoi fedha hiyo. Huenda ni kweli, nalo daftari ndilo litakalowaonya mapema. Vitambaa vikubwa vifanyeni kwa oda, mnunuzi akitanguliza sehemu ya fedha. Kwa wageni wanaokuja kuzuru kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, fanyeni vitu vidogo vya siku mbili. Kazi ya 8,000 na vifaa vya 3,000 ni 11,000, na mgeni hukiweka ndani ya mkoba akaenda nacho.

La pili ni kugawana kazi. Tuwatazame wenzetu wa Zanzibar na mwambao, wanaoshona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kofia ya mkono huweza kuchukua majuma mengi, hata miezi, na mara nyingi haitoki katika mikono ya mtu mmoja. Yupo anayechora nakshi, wapo wanaoshona viua, na yupo anayeunganisha kipande cha juu na cha pembeni. Kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei ndogo, lakini ya mkono bado ina heshima na bei yake. Mchoraji wa nakshi hapotezi kitu washonaji wakiwa wengi. Kwake wengi ni kazi nyingi. Nanyi mnaweza kufanya hivyo. Mama mwenye ule mshono wa maua achore, asimamie, na akague. Kila kitambaa chenye ua lake kikiuzwa, apate sehemu yake iliyoandikwa daftarini, nayo iingizwe katika bei tangu mwanzo.

La tatu ni fungu la elimu. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wakiwa wafumaji wa nguo, walianzisha duka lao la ushirika. Hawakuwa matajiri. Hata hivyo, baada ya miaka michache walianza kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu ya wanachama. Elimu imebaki kuwa moja ya misingi saba ya ushirika iliyotangazwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani mwaka 1995. Ninyi nanyi tengeni fungu, japo dogo. Mafunzo yanayongoja mfadhili husimama mfadhili akiondoka. Yanayolipiwa na kikundi ni mali ya kikundi, na mwalimu wake hulipwa bila kuomba.

Mwisho, bei iwe moja. Mkisimama mbele ya mgeni mmoja, huyu akasema 11,000 na yule akamvuta kando kwa 7,000, mtakuwa mmezifuta siku zenu zote kwa maneno mawili. Chagueni wawili wa kuuza, na kila kitu kikaguliwe kabla hakijatoka. Mkiyashika haya kwa mwaka mmoja, ndipo tuzungumze juu ya kuandikishwa kwa Mrajis. Cheti hakitangulii daftari.

Jina la mahali hapa, Mwitongo, wazee hulifasiri kuwa mahame, mahali palipokaliwa na waliotutangulia. Boma hubaki mahame watu wakiondoka. Ufundi nao hubaki mahame fundi akiondoka nao peke yake.

Nawe mama uliyeuliza swali asubuhi, sikuombi unijibu leo. Wenzako ndio wenye deni la kwanza. Waandike daftari kwa miezi mitatu, waoneshe sehemu yako ndani yake, kisha wewe uamue kama utafundisha. Nitarudi wakati huo, na kitu cha kwanza nitakachoomba kuonyeshwa hakitakuwa maua. Nitaomba daftari.