NENO LA KATIBU KIKAONI LEO

Kwa ambao hamkufika, haya ndiyo niliyosema.

Jirani yetu wa chama kingine amefiwa na mama yake. Tunasali naye jumuiya moja. Baadhi yetu Wakristo hatukwenda msibani kwa sababu ya maneno ya kampeni, na mimi nilikuwa mmoja wao. Jana ndipo nimekwenda. Nimekuta wanachama wetu Waislamu walishafika siku ya kwanza. Niliona aibu.

Kati ya mitume 12 alikuwemo Mathayo, mtoza ushuru. Watu wa kazi hiyo walichukiwa kama vibaraka wa watawala. Alikuwemo pia Simoni aliyeitwa Zelote, yaani mwenye bidii kali. Yesu aliwaita wote wawili, wakala naye meza moja.

Kura yangu haibadiliki, na hoja zetu tutazitetea jukwaani. Lakini daftari la rambirambi lina safu ya jina na safu ya kiasi. Safu ya chama haimo.

Jumamosi saa 4 asubuhi twende kutoa pole, bila sare. Mwenye mchango anione.

Katibu wa Tawi